Wanataka riwaya yangu iwe filamu, nami moyo unasita

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, na ni mama wa watoto wawili. Nakuandikia kwa sababu kila ninayemweleza jambo hili nyumbani ananiona nimepungukiwa na akili, na sitaki kutia sahihi wala kukataa nikiwa na hasira.

Kwa miaka mingi, watoto wakishalala, nilikuwa nikiandika riwaya. Ni riwaya ya fantasia, ya mambo yasiyokuwepo, lakini imesimama papa hapa kisiwani. Ndani yake kuna Mvita nyingine chini ya maji, imepinduka, minara yake yaelekea chini, na mlango wake hufunguka wakati wa bamvua, maji yakishatoka mbali kabisa. Binti wa mvuvi anaingia humo kumtafuta babake, na huko ndiko anakokutana na yule anayeitwa Mwenye Kisima.

Huyu Mwenye Kisima ndiye roho ya kitabu. Sura yake sikuieleza popote. Binti humjua kwa harufu ya udi na kwa maji ya kisimani yanayopanda bila ya upepo, na kila anayechungulia kisimani humwona mtu wake aliyempoteza. Binti anamwona babake. Ajuza mmoja anamwona mtoto wake. Nahodha, ambaye ni mtu mbaya, anachungulia asione kitu. Wasomaji hunijia wakanieleza wao wamemwona nani. Mwanafunzi wangu mmoja aliyefiwa na mamake alikuja ofisi ya walimu, akakaa kitini kimya, kisha akaniambia, "Mwalimu, mie nilimuona mama amevaa ile leso yake ya kijani." Shangazi, hakuna tuzo ninayoitaka kuliko maneno yale.

Hadithi yenyewe asili yake ni nyanya yangu. Alikuwa akitusimulia baada ya isha, stima zikipotea. "Paukwa!" nasi "Pakawa!" Na kila usiku akiigeuza: leo binti anarudi kwao, kesho harudi, kutegemea sisi wajukuu tumemuudhi kiasi gani mchana. Yu hai bado, ila macho yamemwishia. Kitabu nimemsomea chote, sura baada ya sura.

Sasa amekuja mtayarishaji wa filamu. Ni kijana wa hapa hapa, mzaliwa wa Bondeni, kazi yake iko Nairobi. Ni kijana wa adabu, alikuja nyumbani pamoja na mamake. Fedha anazotaja zinapita mshahara wangu wa mwaka. Akafungua kompyuta yake akanionyesha michoro, nikamwona Mwenye Kisima: ana pembe, macho mekundu, mwili wa moshi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Dada, filamu haiwezi kuonyesha asiyeonekana. Watu watadai warudishiwe pesa zao." Akaniambia pia kwamba wahusika wangu wanaosema Kimvita, "ndoo" kwa njoo na "mato" kwa macho, itabidi waseme Kiswahili cha kueleweka kote, na kwamba mwisho utabadilishwa binti arudi kwao, maana watazamaji hawapendi kuondoka na huzuni.

Mkataba alioniachia unasema namkabidhi haki zote, za filamu, televisheni, michezo ya kompyuta na hadithi zozote zitakazofuatia, duniani kote, milele.

Kaka yangu anasema majuto ni mjukuu, na kwamba waandishi wa Kiswahili wangapi wameombwa kitu kama hiki. Mume wangu ananiachia niamue, lakini namwona akipiga hesabu ya karo. Mchapishaji wangu ananihimiza nikubali, vitabu vitauzika. Mama anaogopa maneno ya mtaa: kitabu husomwa na wachache, filamu ya majini ataiona kila mtu.

Mimi naona nikikubali, yule mwanafunzi akishaitazama filamu hatamwona tena mamake kisimani, ataona pembe. Nikikataa nawanyima wanangu. Au ni kiburi changu tu? Kijana anataka jibu kabla ya Ramadhani. Nifanyeje?

Wako,
Mwandishi wa Mji wa Kale

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuvutwa huku na huku.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia, kwa sababu mna maswali mawili yaliyosokotana. La kwanza: je, riwaya yako igeuzwe filamu? La pili: je, utie sahihi karatasi hii uliyoachiwa? Watu wa nyumbani kwako wanakuuliza la pili kana kwamba ndilo la kwanza, ndiyo maana ukisita wanakuona mkaidi. Mtu anaweza kuipenda sana filamu na bado akauogopa mkataba wenye neno "milele".

Kuhusu kiburi, sikioni katika barua yako. Umemwachia msomaji nafasi tupu katikati ya kitabu, na wasomaji wameijaza kwa watu wao waliowapoteza. Nafasi hiyo ndiyo boriti inayobeba nyumba yako yote. Anayetaka kuiziba kwa pembe na moshi amegusa kitu ambacho yeye huenda akakiona ni pambo. Una haki ya kushtuka.

Tena wenzako wenye majina makubwa wameshtuka kabla yako. Ursula K. Le Guin wa Marekani alibuni ulimwengu wa visiwa uitwao Earthsea, na riwaya ya kwanza ilitoka mwaka 1968. Shujaa wake ana ngozi ya hudhurungi yenye wekundu, na wengi wa watu wa visiwa vile ni wa rangi hiyo au ni weusi. Alikusudia, kwa kuwa mashujaa wa riwaya za aina hii wakati ule walikuwa weupe karibu wote. Mwaka 2004 televisheni moja ya Marekani ikaonyesha mfululizo uliotokana na vitabu vile, na shujaa akawa kijana mweupe. Haki zilikuwa zimeshamtoka Le Guin mkononi na ushauri wake haukufuatwa. Kilichobaki kwake kilikuwa kulalamika hadharani, akalalamika. Haikupita miaka miwili, studio ya Ghibli ya Japani ikatoa filamu ya katuni kutokana na vitabu vile vile, iliyoongozwa na Goro Miyazaki. Hii nayo iliacha mengi na kugeuza mengi. Lakini mwongozaji alipomuuliza ameionaje, Le Guin alimjibu kwamba si kitabu chake yeye, ni filamu ya mwongozaji huyo, na ni filamu nzuri. Baadaye akaeleza pia yaliyomsikitisha ndani yake.

Hapo nakuomba ukae kidogo. Mtu mmoja, kitabu kimoja, mageuzi mawili. Moja lilimuuma kwa sababu liliondoa jambo ambalo ndilo sababu ya kitabu kuandikwa vile kilivyoandikwa. La pili aliweza kulitazama kama kazi ya mtu mwingine, lenye uzuri wake na kasoro zake. Wewe umenitajia mageuzi matatu, pembe, lugha na mwisho, ukayataja kwa pumzi moja. Je, yana uzito sawa kwako? Yatenganishe, hata kwa kuandika pembeni ya daftari.

Mimi naona pembe ni za aina ile ya kwanza. Lugha sijui, wewe ndiwe ujuaye kama binti yule akiambiwa "njoo" badala ya "ndoo" atabaki binti wa Mvita. Nimewahi kusikia watu wa bara wakifuata mazungumzo ya Kimvita bila taabu, na maandishi ya chini ya picha yapo kwa kazi hiyo, kwa hivyo sababu ya kijana siioni nzito. Na mwisho wa hadithi, mwanangu, hapo nina swali kwako. Umeniambia mwenyewe kwamba nyanya alikuwa akiugeuza kila usiku, leo binti anarudi, kesho harudi. Wewe ulipoandika ulichagua mwisho mmoja ukauacha mwingine. Basi hadithi hii ilishageuzwa kabla ya filamu, nawe ni mmoja wa walioigeuza, na nyanya alikusikiliza ukimsomea bila kukunyang'anya kitabu. Huenda kugeuzwa si adui yako kama unavyodhani.

Ila sitaki ulimeze hilo haraka. Nyanya akigeuza hadithi, kesho yake angeweza kuirudisha, na wajukuu walikuwa wakijua ni yeye anayecheza nayo. Filamu ikishatoka imetoka. Watakaoiona ni wengi kuliko watakaowahi kusoma, na kwao binti ni yule mwigizaji, na kisima ni kile cha kwenye picha. Mwanafunzi wako simhofii sana. Mama yake na leso yake ya kijani walikuwepo kabla ya kitabu chako. Hofu yako ina haki kwa mtoto wa kesho, atakayeanza na filamu ndipo akifungue kitabu. Huyo ataingia mlangoni tayari amebeba pembe. Hasara hiyo ni ya kweli, na hakuna kifungu cha mkataba kitakachoiondoa yote. Jiulize kama unaweza kuivumilia, si kama unaweza kuizuia.

Lile neno la kijana kwamba filamu haiwezi kuonyesha asiyeonekana, mimi silikubali. Kamera inaweza kukaa juu ya uso wa anayechungulia kisimani. Inaweza kuonyesha maji yakipanda, na kila mhusika akamwona mtu mwingine, kwa waigizaji tofauti. Nahodha anachungulia, maji yametulia tuli, hamna kitu: hilo ni onyesho la kutisha kuliko moshi wowote. Halafu kuna hesabu. Jini wa moshi hutengenezwa kwa kompyuta, picha baada ya picha, na hiyo ni kazi ya ghali; uso wa mwigizaji hodari na kisima ni rahisi zaidi. Usimwendee kama mshtakiwa. Mwendee kama mtu wa ufundi, umuulize amejaribu nini kabla ya kufikia pembe. Kijana aliyekuja na mamake kukuomba kitabu huenda anakipenda kweli, ila ameshazoea kuona majini ya aina moja kwenye filamu.

Sasa tuje kwenye njia zilizo mbele yako, na kila njia ina miiba yake.

Unaweza kukataa. Gabriel García Márquez, mwandishi wa Kolombia, aliikatalia filamu riwaya yake kubwa ya mwaka 1967 maisha yake yote. Alitaka wasomaji waendelee kuwapa wahusika sura za watu wanaowajua, jambo ambalo wewe hulihitaji kuelezwa. Alifariki mwaka 2014. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba familia yake imekubaliana na Netflix, kwa masharti kwamba iwe kwa Kihispania na ipigwe Kolombia, na sehemu za kwanza zikaonyeshwa mwaka 2024. Wapo wanaosema amesalitiwa, wapo wanaosema ametendewa haki. Ninalokuonyesha ni kwamba kukataa kwako kutadumu maisha yako. Kwa sheria ya Kenya haki za kitabu huendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, kwa hivyo watakaoamua ni hao wanao wawili, na kama una neno la kuwaambia, liandike mapema. Ujue vilevile kwamba sheria inalinda maandishi yako. Haimzuii mtu kutengeneza hadithi yake mwenyewe ya jini wa kisimani, kwani visima na majini ni vya pwani nzima. Tena ipo sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi za jamii, na kwa kuwa kisa chako kimetoka kwa nyanya, si vibaya kuuliza inagusa wapi.

Unaweza kukubali kama ulivyoandikiwa. Hapa ningemwogopea mtu yeyote ambaye angekuwa mahali pako. Michael Ende wa Ujerumani alikwenda mahakamani kuhusu filamu ya mwaka 1984 iliyotokana na riwaya yake, akashindwa, na filamu ikaendelea kuonyeshwa ulimwenguni. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kifungu cha 32, inampa mtunzi haki ya kutambuliwa na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayodhuru heshima au sifa yake. Ni kinga nzuri. Lakini wakili ni fedha, na mahakama hupima heshima yako, haipimi uchungu wako. Sidhani pembe peke yake zitatosha kumshawishi hakimu. Unalolitaka lilindwe ni afadhali liandikwe kabla ya sahihi.

Na unaweza kusema: filamu ndiyo, karatasi hii siyo. Waandishi wengi hawauzi haki siku ya kwanza. Mtayarishaji hulipa kiasi kidogo ashikiliwe haki kwa muda, mathalan mwaka mmoja au mwaka na nusu, atafute fedha na kuandika mswada wa filamu. Akishindwa, haki zinarudi kwako. Akifaulu, analipa zilizobaki. Unaweza kumpa filamu moja tu, ukabaki na michezo ya kompyuta na hadithi zitakazofuata. Unaweza kutaka usome mswada, na iandikwe waziwazi kwamba Mwenye Kisima hapewi sura. Miiba ya njia hii ni miwili. Kijana anaweza kukataa akaenda zake, na kaka yako atakukumbusha. Au akakubali kisha mambo yakateleza baadaye: P. L. Travers, mtunzi wa vitabu vya Mary Poppins, alikuwa na haki ya kupitisha mswada wa filamu ya Disney ya mwaka 1964 iliyotokana na vitabu vyake, na bado sehemu ya katuni asiyoitaka ikabaki, akatoka machozi siku ya kwanza ya kuonyeshwa. Kupitisha mswada si kupitisha filamu iliyokatwa na kuungwa. Muulize wakili kuhusu tofauti hiyo hasa, na kabla ya yote toa mkataba wako na mchapishaji uusome. Mingine huwa imeshampa mchapishaji haki za filamu au sehemu ya malipo, na huenda himizo lake kwako lina hesabu yake. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, nayo inaulizika.

Njia moja hukuitaja, nami nakutajia kwa kuwa inakufaa kwa sababu yake: mchezo wa redio. Redioni sura haipo. Msikilizaji anabaki na sauti ya maji na jina la mtu wake. Hautalipa kama filamu, hata robo pengine. Lakini nyanya yako ataupata wote, ilhali filamu, hata iwe nzuri vipi, kwake itakuwa sauti tu.

Kaka yako usimwone mroho. Karo ni kitu halisi, na mwandishi wa Kiswahili kulipwa vizuri kwa kazi yake ni jambo ninalolitamani kwa moyo wote. Mkalishe mumeo, mtoe hesabu mezani: pengo ni kiasi gani, na je, malipo ya kushikilia haki kwa mwaka yataliziba? Akipiga hesabu peke yake na wewe ukisononeka peke yako, hamtafika. Mama naye mwambie ukweli, kwamba maneno ya mtaa yatakuwepo uamue hivi au vile.

Na Ramadhani ni tarehe ya kijana. Kama fedha zake zina mwisho wa kutolewa, akuonyeshe. Kama hazina, mwombe kitu kimoja kabla hujamjibu: aandike onyesho la nahodha kisimani, kurasa mbili tatu, bila pembe na bila moshi, akuletee. Msomee nyanya kwa sauti, kama ulivyomsomea kitabu, umsikilize anavyosema. Kisha niandikie, hata kama bado hujaamua.